Naomba ushauri: nawakwepa wenzangu tangu niharibu gomesi
Habari zenu ndugu. Niko Busia upande wa Uganda, ni fundi cherehani. Mwezi wa tatu niliharibu gomesi (gauni la kitamaduni la wanawake wa Uganda) ya mteja, kitambaa mita 6, akanifokea mbele ya watu. Nilimlipa, yakaisha. Ila mpaka leo nikishika mkasi mkono unatetemeka. Kikundi chetu cha akiba hukutana Jumapili. Nimekosa mara 4, natuma hela kwa simu tu.

Nimejaribu kujiambia "naweza" kwenye kioo, naona najidanganya. Afadhali kuandika jioni kazi 3 zilizokwenda sawa, hata kola iliyolala vizuri.

Je, nirudije kikundini bila kueleza yote? Na mliopitia haya, mlianza na rafiki mmoja au mliwakabili wote?