Eti mimi ni "wa kutazama, si wa kupanga"! Yule dalali wa Kyanja amenivunjia heshima leo

Mtafuta_Chumba:

Wandugu, naandika mikono ikitetemeka. Yule dalali wa Kyanja, yule wa pikipiki nyekundu na simu tatu. Msijifanye hamumjui, kila aliyewahi kutafuta chumba hapa Kampala, kuanzia Kisaasi hadi Kyanja, amepita mikononi mwake. Leo amenivua nguo mbele za watu.

Amesema: "Huyu ni wa kutazama, si wa kupanga."

Mbele ya mwenye nyumba. Mbele ya mama aliyekuwa anakaanga mihogo mlangoni. Mbele ya watoto wa uani wote, waliotuzunguka kama tumekuja kutoa chanjo.

Picha aliyonitumia ilikuwa ya chumba na sebule. Vigae chini, choo ndani, maji ndani, Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, yako peke yako, shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi. Kabla hajawasha hata pikipiki nikamtumia elfu ishirini ya kunionyesha, maana bila hiyo hapokei simu. Mafuta nikajaza mimi. Tumefika: chumba kimoja! Sebule ni pazia. Vigae vimeishia pale pale picha ilipoishia, ukivuka hapo ni saruji iliyopasuka, na kuna ufa umeanzia dirishani ukateremka ukapita nyuma ya soketi, ukitia kidole kinaingia. Choo kiko nje, ufunguo wake anao mama wa mihogo, ameufunga kwenye mwiko ili usipotee. Yaka ni mita moja ya vyumba vyote sita, anayepiga pasi na anayechaji simu wanalipa sawa.

Nikauliza swali moja tu, kwa adabu zote: "Mzee wangu, maji yako wapi?"

Ndipo yule mtu akamgeukia mwenye nyumba, akacheka, akasema huyu ni wa kutazama. Hata hakunitazama usoni! Alimwambia mzee wa watu, na mimi nimesimama pale pale, kiatu kimejaa matope ya Kyanja, elfu ishirini yangu iko kwenye simu yake.

Wa kutazama! Mimi niliyelipa! Kuna mtu hapa duniani anatoa elfu ishirini kwenda kutazama ufa?

Tukiwa bado tumesimama bei ikapanda. Ikawa laki nne, miezi mitatu mbele, na mwezi mmoja wa kwake yeye kwa kazi nzuri aliyoifanya. Milioni moja na laki sita ili nilale nyuma ya pazia! Kwa hela hiyo kule kwetu Tororo najenga kuta mpaka usawa wa madirisha.

Ntinda ilipotushinda tukaambiwa twende Kisaasi. Kisaasi ikapanda, tukaambiwa Kyanja bado ni kijijini, kuna migomba, kuna nafuu. Sasa migomba imekatwa, kila kilima ni ghorofa, na nafuu imeondoka na migomba. Mtu wa mshahara wa laki saba akakae wapi Kampala hii? Nauliza kwa dhati, anayejua aniambie. Niko kwa shemeji Kamwokya, nimeshindwa hata kula. Wa kutazama!

Mama_Kasubi:

Pole mwanangu. Kula kwanza, hasira hailipi kodi. Lakini elfu ishirini unaitumaje kabla ya kuona mlango?

Boda_wa_Kalerwe:

Jina umeshapata mkuu. Wa Kutazama, karibu jukwaani 😂😂

Mtafuta_Chumba:

Boda, usinichezee leo. Nakuomba.

Boda_wa_Kalerwe:

Samahani, Wa Kutazama.

Dada_wa_Bukoto:

Mimi namjua!! Ni huyo huyo. Mwaka jana alinipeleka kuona nyumba, akasukuma mlango bila kubisha, ndani kuna baba wa watu anakula na familia yake. Hana habari kwamba anahama! Dalali anamwambia, "Endelea kula mzee, tunaangalia dirisha tu." Nilitoka mbio kwa aibu. Na pesa yangu hakurudisha.

Mpangaji_Najjera:

Nyinyi wa Kyanja bado mnacheza. Njooni Najjera muone. Mwenye nyumba wetu ameweka lami mita kumi, getini kwake tu, mwezi uliofuata kodi imepanda kwa laki moja na nusu, sababu "barabara imeboreshwa". Mita kumi! Ukitoka hapo ni vumbi mpaka kwenye meno. Huyo dalali wako amekutukana mara moja, wangu ananitukana kila tarehe moja.

Mtafuta_Chumba:

Haya si mashindano. Mwenye nyumba wako alikuambia mbele ya watoto kwamba wewe ni wa kutazama? Hakukuambia.

Msomi_wa_Makerere:

Watu wa Najjera mnaonewa kwa kutosoma. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inasema kodi isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 au zaidi lazima uandikwe. Na huwezi kumtupa mtu nje bila amri ya mahakama. Kwa anayelipa kodi ya laki saba, ongezeko la juu kabisa ni elfu sabini. Laki na nusu ni kuvunja sheria.

Mpangaji_Najjera:

Msomi, nilimwonyesha mzee hiyo sheria kwenye simu. Akaisoma yote, polepole, na miwani. Akanirudishia simu akasema asante, basi tafuta nyumba yenye sheria hiyo.

Boda_wa_Kalerwe:

😂😂😂 Sheria iko Bungeni, mwenye nyumba yuko getini.

Msomi_wa_Makerere:

Ndiyo maana mnaonewa. Mnacheka.

Fundi_Bomba:

Mimi nafanya kazi Muyenga. Huko kodi inatajwa kwa dola. Sheria hiyo hiyo inasema kodi iwe ya shilingi ya Uganda, isipokuwa mmekubaliana vingine kwenye mkataba. Sasa mpangaji akishaona bwawa la kuogelea anakubaliana na chochote.

Mama_Kasubi:

Tumsaidie mtoto kwanza. Mwanangu, achana na Kyanja. Nansana kuna vyumba vya laki mbili hadi mbili na nusu, vya maana, choo ndani. Ukisogea mbele barabara ya Hoima mpaka Kakiri bei inashuka zaidi.

Seeta_Oyee:

Mama, na heshima zote, Nansana usimpeleke mtu mwenye kazi ya saa mbili asubuhi. Teksi inakaa kwenye foleni pale Namungoona mpaka abiria wanajuana majina. Aje Seeta, barabara ya Jinja. Hewa nzuri, bei nzuri.

Mama_Kasubi:

Seeta?! Nani asiyejua foleni ya Bweyogerere na Kireka? Nyie mnaamka na jogoo mnafika mjini na chakula cha mchana. Hiyo Seeta hata Kampala si Kampala, ni wilaya ya Mukono.

Seeta_Oyee:

Nansana nayo ni wilaya ya Wakiso, mama yangu. Sisi sote tuko nje. Sensa ya 2024 imeonyesha Wakiso ina watu zaidi ya milioni 3, Kampala yenyewe haifiki milioni 2. Mji umehamia kwetu.

Dada_wa_Bukoto:

Bwaise je? Karibu na mjini, vyumba bei rahisi.

Fundi_Bomba:

Dada, Bwaise uliza nyakati za mvua. Ule ni ukanda wa chini, maji yote ya vilimani yanateremkia mfereji wa Lubigi. Nimewahi kutengeneza bomba pale mwenye nyumba akiwa amekaa juu ya meza, ameshika godoro. Ukipenda bei ya Bwaise, tazama ukuta kabla hujalipa. Kuna mstari wa matope. Ukifika kiunoni, rudi ulikotoka.

Boda_wa_Kalerwe:

Kazi ya kutazama mpe mwenyewe.

Mtafuta_Chumba:

Sawa. Endeleeni. Nimekuja hapa na donda, mnalitia chumvi. Swali langu la laki saba hakuna aliyelijibu. Fundi peke yake ndiye amesema la maana, nitatazama huo mstari. NITAUTAZAMA, Boda, kabla hujaandika. Na yule mtu wa pikipiki nyekundu, kama unasoma hapa, na najua unasoma, nirudishie elfu ishirini yangu.

Jirani_Kireka:

Mada nzuri. Nyie mmetaja Yaka ya kushirikiana, mimi ndiyo inaniua. Tuko vyumba vinne mita moja. Jirani mmoja ana friji ya kuuza juisi, inanguruma mchana na usiku. Umeme ukiisha anasema "tuchange sawasawa". Sawasawa na nani? Mimi nina taa moja na redio!

Dada_wa_Bukoto:

Kwetu ni pasi. Kijana anapiga pasi shuka. Shuka!

Seeta_Oyee:

Mwenye friji naye anatafuta riziki, tusimseme.

Jirani_Kireka:

Riziki yake, umeme wangu? Atume basi chupa moja ya juisi kila jioni. Hajawahi.

Mama_Kasubi:

Kwetu tulifunga mita ndogo kila mlango. Kila mtu anaona namba zake. Kelele ziliisha wiki hiyo hiyo, ila mwenye friji alihama.

Jirani_Kireka:

Mama, hizo mita ndogo ni shilingi ngapi? Na mwenye nyumba alikubali kulipa au mlichanga?

Mama_Kasubi:

Tulichanga. Mwenye nyumba alitoa ngazi.

Fundi_Bomba:

Nina rafiki fundi umeme, anazifunga. Jirani, nitafute pembeni.

Dada_wa_Bukoto:

Na mimi pia Fundi. Lakini aje Jumapili, huyo wa shuka akiwa kanisani.