Pinioni ya gia ya meno ya V inatembea mbele nyuma, niifunge?

Spana17:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Kuna giaboksi hapa ya meno ya mshazari pande mbili, yale ya V yenye mfereji katikati, inaendeshwa na mota. Ikishika mzigo shafti ya pinioni, ile gia ndogo, inatembea kidogo mbele na nyuma, alafu meno ya kushoto yameng'aa kuliko ya kulia. Beringi za pinioni ni za rola tu, hakuna kitu kinachoizuia isitembee. Nawaza kuweka beringi ya trasti, ile ya kuzuia shafti isisogee mbele na nyuma, itulie. Na si wanasema kwenye gia hizi nguvu za pembeni zinauana, sasa inayoisukuma inatoka wapi?

Mzee wa Shafti:
Usiifunge mkuu!! Kutembea ndo kazi yake. Zinauana pale tu pande mbili zinapobeba sawa. Chukua meno ya nyuzi 30, nguvu ya kuzungusha jumla kilonyuton 10. Kila upande ukibeba 5, kila mmoja unasukuma pembeni kama 2.9 na zinapingana, mchezo umeisha. Sasa tuseme kushoto kumebeba 6 na kulia 4, inakuwa 3.46 dhidi ya 2.31, inabaki 1.15 na hiyo ndo inaisogeza pinioni mpaka kushoto kupungue na kulia kuongezeke. Yaani gia inajipimia yenyewe. Ukiiwekea trasti umeinyima nafasi hiyo, upande mmoja utabeba mzigo wa mwenzake mpaka meno yaanze kubanduka. Kinachofungwa ni shafti moja tu, mara nyingi ya gia kubwa, pinioni inaifuata.

nuru_mek:
Naongezea, angalia kaplingi, yaani kiungo cha shafti ya mota na ya pinioni. Kama ni ile ya meno na grisi imekauka, ikipata torki meno yake yanabanana na msuguano unaishika shafti isiteleze, kwa hesabu ya Mzee hapo juu ikishika tu kwa hiyo 1.15 basi utabaki na 6 kwa 4 siku zote, na kung'aa kwa kushoto kunafanana sana na hilo. Kuhusu kwenda na kurudi, weka geji ya mshale kwenye ncha ya shafti uone mwendo wake. Ikienda na kurudi mara moja kila mzunguko, basi ncha za V zinayumba, ni kosa la kukata meno, na kama ni kidogo sana wala usihangaike nalo.

Spana17:
Asante sana wakuu. Kaplingi ni ya meno kweli, naifungua. Kwa hiyo kama pinioni inajipanga yenyewe alaimenti, yaani kulinganisha shafti zikae sambamba, haina shida sana?

Mzee wa Shafti:
Hapana, hapo ndo watu wengi wanapoharibu gia nzuri. Kuelea, yaani huko kutembea huru kwa pinioni, kunasawazisha jumla ya kushoto na jumla ya kulia, basi. Shafti zikiwa hazilingani, ndani ya kila upande mzigo unakimbilia mwisho mmoja wa jino, na pinioni itembee itakavyo haiwezi kunyoosha hilo. Paka rangi ya bluu kwenye meno, zungusha, soma alama. Ikiwa imejaa upana wa jino lakini upande mmoja nzito kuliko mwingine, shughulika na kaplingi. Ikiwa iko pembeni tu mwa jino, rudi kwenye beringi na msingi wa giaboksi, pima upya, na upime mashine ikiwa na joto lake la kazi maana kesi, yaani ganda la giaboksi, ikipata moto shafti zinahama.