Fundi kaipaka rangi Bedford yangu, halafu ANANIDAI elfu tano ya rangi!!!

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Jina sitaji. Wa Kigoma wote mnamjua. Yule wa Mwanga, wa vioo na kupuliza rangi, anayepaka kila kitu kinachosimama mbele yake. Ukimfunga mbuzi pale asubuhi, jioni unamkuta yuko silva mpaka pembe.

Nilimpelekea Bedford, kigari changu cha kuchezea cha zamani, anitengenezee kasha la kioo. KASHA. Vioo na gundi, basi. Gari nilimwachia apime tu, nikamwambia mbele ya kijana wake: "Fundi, hii usiiguse." Leo nafuata mzigo, kasha hata kioo hakijakatwa. Anafungua droo, anatoa Bedford inang'aa nyekundu kama kucha za bibi harusi, anaiinua juu ili watu wa kahawa waione, anasema: "Ilikuwa imechoka hii, mzee wangu, nimekufufulia. Nipe elfu tano tu ya rangi."

Elfu tano. YA RANGI.

Kwa wasiojua: hii ni Matchbox namba 3, tipa ya Bedford, ilianza kutoka 1961 kwenye kiwanda cha Lesney, London. Kichwa kijivu, bodi ya nyuma damu ya mzee. Baadaye kiwanda kikabadilisha bodi ikawa nyekundu. Magurudumu nayo yalikuwa ya plastiki ya kijivu, kisha wakaweka meusi. Gari ni lile lile, halizidi urefu wa kidole, ila sura zake ni kadhaa, na hizo tofauti ndizo sisi wakusanyaji tunazozitafuta usiku na mchana. Nyekundu utaipata. Yangu ilikuwa DAMU YA MZEE, magurudumu ya kijivu, rangi ya kiwandani yote ipo kasoro kidonda kimoja kwenye pembe ya bodi. Niliipata kwa mstaafu mmoja wa reli kule Tabora, nilimbembeleza mpaka wajukuu zake wakaanza kuniamkia kama ndugu.

Na huyu kaipaka NYEKUNDU! Angeipaka bluu ningesema hajui. Kachukua ile adimu, kaigeuza ile ya kawaida kwa mkono wake mwenyewe, halafu elfu tano!

Bado magurudumu. Kaona yale ya kijivu "yamepauka", kakata ncha za ekseli kwa tupa, kachomeka meusi ya kigari cha plastiki cha mwanawe. Ekseli za Lesney zimegongwa ncha kiwandani, ukishazikata umeua. Namuuliza ya kijivu yako wapi, anasema labda yamefagiwa. LABDA YAMEFAGIWA! Na muda wote huo kiganja kiko wazi mbele yangu kinasubiri elfu tano.

Silipi. Aniite mwenyekiti wa mtaa, aniite polisi, silipi.

---

Mgebuka_Mkavu: Nimecheka mpaka bodaboda kaniuliza kuna nini. Mkuu mtu mzima unalilia kagari? Kanabeba magunia mangapi ya dagaa?

Binti_Gungu: Lipa tu elfu tano, rangi imepanda bei 😂

Mleta uzi: Mgebuka, usiyemjua Lesney nyamaza. Jack Odell wa Lesney alimtengenezea binti yake kigari kidogo kwa sababu shuleni waliruhusiwa kupeleka kitu kinachoenea kwenye kiberiti tu. Hapo ndipo jina la Matchbox, yaani kiberiti, lilipotoka, na 1953 wakaanza kuviuza. Ni historia ya watu hiyo, na yule kaimwagia rangi ya geti. Kisha ANANIDAI.

Stesheni_Tabora: Pole sana mkuu, hii inauma. Usijaribu thina, itaondoka na ya kiwandani iliyo chini. Ila mimi yangu ni mbaya zaidi. Kuna jamaa aliniuzia Matchbox namba 46, lile gari la Pickfords la kuhamisha vyombo, akasema ni bluu iliyoiva. Mnajua bluu ndiyo inayosakwa, kijani zipo. Nimefika nyumbani nikakwangua kwa ukucha chini ya mlango: KIJANI HIKI HAPA. Mtu kakaa chini, kapaka bluu, kaacha maandishi bila kuyagusa. Huyo ni jambazi mwenye subira.

Mleta uzi: Wako alikuibia kwa siri. Wangu kaniibia mbele ya watu wa kahawa kisha akataka nimlipe.

Mzee_wa_Ujiji: Huyo fundi namjua jamani. Nilimpelekea Phoenix yangu apake fremu, kapuliza na cheni, kapuliza na siti, kengele hailii mpaka leo.

Pedeli: Kosa lako kununua Phoenix. Raleigh hata ukiipaka lami inatembea.

Mzee_wa_Ujiji: Raleigh ya wapi sasa hivi? Wewe unaendesha jina. Phoenix inapandisha mlima na dumu la mawese nyuma.

Pedeli: Inapandisha ikiwa imesukumwa.

Mleta uzi: Uzi ni wa BEDFORD. Kuna mtu ana ekseli za Matchbox za miaka ya sitini, au magurudumu ya kijivu? Nanunua.

Binti_Gungu: Kwa kuwa mmetaja mawese: nani mwingine kauziwa mawese yaliyochanganywa sokoni wiki hii? Nimekaanga, jikoni kunanuka mpira.

Mgebuka_Mkavu: Mawese una nafuu. Mimi Kibirizi nimeuziwa dagaa, juu wazuri wanang'aa, chini mchanga mtupu. Na muuzaji ananiambia mchanga ni wa ziwa, hauna madhara.

Stesheni_Tabora: Njooni Tabora muone asali. Ndoo nzima sukari guru, kaweka na nyuki mmoja mfu juu ili uamini.

Binti_Gungu: Nyuki mfu!! 😂😂 Ni yule wa karibu na stendi?

Stesheni_Tabora: Ndiye huyo huyo, mwenye mwavuli.

Pedeli: Mimi kaniuzia kwenye chupa ya soda. Nyuki wangu hakuwa hata na mabawa.

Mzee_wa_Ujiji: Fungueni uzi wa asali, tuje wote na ushahidi.