Kompyuta ya mezani inajizima: ni RAM?

Wakuu, kompyuta ya mezani hapa Ngamiani, Tanga, inaleta skrini ya bluu na kujizima kila mara. Ina RAM (kumbukumbu ya muda) mbili za aina ya DDR3, GB 4 kila moja. Nianze kupima wapi?

— Mkuu, weka MemTest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, washa kompyuta kutoka humo, acha kipimo kizunguke mara 4, hata usiku kucha. Mstari mwekundu mmoja tu ni kosa.

— Kabla hujanunua nyingine, chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake (vile vibati vinavyoingia kwenye sloti) taratibu kwa raba nyeupe. Hewa ya chumvi ya pwani yetu huyafubaza sana! Rudisha, kandamiza mpaka kibanio kilie “ta!”

— Kisha pima RAM moja moja, sloti (tundu la kuchomekea) ileile. Kosa likibaki kwa zote mbili, shuku sloti au bodi mama (motherboard).