Mrejesho: mama yangu na kusahau kwake

Ndugu zangu, nimerudi. Niliwauliza kuhusu mama, miaka 71, anayeunguza sufuria na kurudia swali lile lile. Wengi mlisema apimwe presha kwanza, tusisingizie uzee. Asanteni mno: ilikuwa 178 kwa 102! Kumbe dawa aliacha zamani, eti hajisikii kuumwa. Daktari alinieleza kuwa presha ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa midogo ya ubongo, na kumbukumbu hupungua polepole hata kama mtu hajapooza. Sasa anameza dawa kila asubuhi, chumvi ya mezani tumeondoa, presha ni 132 kwa 80. Majina ya wajukuu bado yanampotea, sitawaficha. Ila juzi dukani alihesabu chenji, akamwambia muuzaji, "Mwanangu, umenipunja mia mbili." Nililia palepale.