Naomba ushauri: kundi letu la kulungu Texas limezuiwa kwa sababu ya CWD, je, tusaini mpango wa serikali au twende mahakamani?

Mleta mada:
Habari za wakati huu, wakuu. Ninaishi katikati ya Texas, Marekani, ambako mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunafuga kulungu wenye mkia mweupe. Kwa wasioifahamu biashara hii, madume huzalishwa kwa ajili ya ukubwa wa pembe, kisha huuzwa kwa wenye mashamba ya uwindaji yaliyozungushiwa uzio mrefu, na dume mmoja wa ukoo mzuri anaweza kufikia bei ya gari jipya. Kibali cha uzalishaji kina jina la shemeji peke yake, ardhi ni yetu sote wawili, na sehemu kubwa ya fedha za kununulia majike wa mwanzo ilitoka kwangu.

Shamba moja lililotuuzia majike limegundulika kuwa na CWD, ule ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo na kumkondesha mnyama mpaka afe. Kwa mujibu wa kanuni, sisi tuliopokea wanyama kutoka huko tumesimamishwa kuhamisha mnyama yeyote mpaka majike wale wauawe na kupimwa, au tukubaliane na serikali juu ya mpango wa kulipima kundi zima kwa muda mrefu. Shemeji anasema hatasaini kitu. Hoja yake ni kwamba kulungu hawa ni mali yetu kama ng'ombe walivyo mali ya mfugaji, kwamba wote wananawiri, na kwamba ugonjwa huo huo umo porini ambako wanyama wengi hufa bila kupimwa, wakati sisi tunapima mizoga yetu na ndio tunaoadhibiwa. Anataka tuchange fedha za wakili. Mke wangu ameshika njia ya katikati na hasemi neno. Naomba maoni ya wanaofahamu mambo haya, kwa sababu nikikataa ninavunja undugu, na nikikubali huenda ninatupa fedha.

Daktari wa Mifugo:
Ndugu mleta mada, pole. Nitazungumzia ugonjwa tu, sheria nawaachia wenyewe. CWD ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika kituo cha utafiti cha Fort Collins, Colorado, tena kwa kulungu waliokuwa kizuizini, jambo ambalo wafugaji hawapendi kukumbushwa. Kisababishi chake si virusi wala bakteria bali ni prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya, ya jamii moja na ile ya kichaa cha ng'ombe. Haiuawi na moto wa jikoni, haina chanjo wala tiba, na hubaki udongoni kwa miaka.

Mnyama aliyeambukizwa huweza kukaa mwaka mmoja na nusu au zaidi bila dalili yoyote, huku akitoa prioni kupitia mate, mkojo na kinyesi. Kwa sababu hiyo kusema kwamba majike wananawiri hakuthibitishi chochote, na mtu akilisema hilo mbele ya hakimu atajibiwa hivyo hivyo. Kipimo kinachotegemewa zaidi hufanywa kwa mnyama aliyekwisha kufa, kwa kuchukua sehemu ya shina la ubongo na tezi za limfu zilizo nyuma ya koo. Kwa mnyama aliye hai huchukuliwa kipande kidogo cha tonsili au cha utando wa puru, ila maambukizi machanga yanaweza kupita bila kuonekana, na ndiyo maana serikali hairidhiki na duru moja ya vipimo.

Huenda shemeji yako atakuambia pia kuhusu vinasaba, kwa kuwa wafugaji wengi wa huko sasa wanachagua madume ambao ukoo wao hauambukizwi kwa urahisi. Ni kazi yenye matumaini, lakini kwa baadhi ya aina zinazosifiwa kinachopatikana ni ugonjwa kwenda polepole. Mnyama wa namna hiyo akiambukizwa anaweza kuishi muda mrefu zaidi akiwa hatari kwa wenzake.

Mwanasheria:
Hoja ya umiliki imekwisha kuamuliwa. Baada ya CWD kupatikana mwaka 2015 katika shamba la uzalishaji la Medina County, wazalishaji wawili waliishtaki idara ya wanyamapori ya jimbo kwa hoja hiyo hiyo ya shemeji yako, kwamba kulungu aliyezaliwa ndani ya uzio na kuvikwa hereni ni mali binafsi. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya Austin iliikataa. Ilisema kwamba mwenye kibali cha uzalishaji ana haki ya kumtunza, kumzalisha na kumuuza mnyama katika mipaka ya kibali, lakini kulungu huyo ni mali ya wananchi wa Texas, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuisikiliza rufaa iliyofuata. Msomaji wa Tanzania halitamshangaza jambo hili, kwa kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo inasema wanyamapori ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais.

Kwa hiyo kesi inayosimama juu ya neno "mali yetu" ni ya kupoteza fedha. Kinachoweza kubishaniwa ni kama utaratibu wa kanuni ulifuatwa, kama orodha ya wanyama waliotajwa ni sahihi, na kama masharti ya mpango yanaendana na hatari iliyopo. Hayo hujadiliwa mezani vizuri zaidi kuliko kizimbani, na wakili wa kukaa mezani hagharimu kama wa kesi ya miaka.

Mdau wa Dallas:
Kwa heshima zote, wakuu, msimhukumu shemeji upesi. Mfugaji mwenye kibali hupima vifo na huandika kila mnyama anayeingia na kutoka, ilhali mwindaji husafirisha mzoga kutoka kaunti moja hadi nyingine. Hasira yake ina msingi hata kama kesi haina.

Daktari wa Mifugo:
Mdau, uwindaji una lawama zake, nakubali. Lakini kulungu wa porini hatembei mbali kama anayepakiwa kwenye trela. Korea Kusini iliupata ugonjwa huu kwa elki, aina ya kulungu wakubwa, walioagizwa kutoka Kanada, na bila shaka hawakuvuka bahari kwa miguu.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Mwanasheria, nina maswali mawili. Majike wakiuawa, je, tunalipwa? Na mimi ambaye jina langu halimo kwenye kibali, ninafungwa na nini?

Mwanasheria:
Kuhusu fidia, kanuni za wizara ya kilimo ya shirikisho zinaruhusu kulipa hadi asilimia 95 ya thamani iliyokadiriwa, lakini si zaidi ya dola 3,000 kwa mnyama mmoja, tena fedha zikiwapo na makubaliano yakiwa yamefanyika kabla ya wanyama kuuawa. Kwa jike wa kawaida kiasi hicho kinasaidia, kwa dume wa gharama ni pole tu. Ulizeni mapema, msisubiri wanyama wafe.

Swali la pili ndilo ningeliweka mbele. Kibali si chako, lakini ardhi ni yako, na mara nyingi mpango wa namna hii hutaka uzio udumishwe na eneo lisiwekwe kulungu kwa miaka kadhaa hata kundi likiangamizwa. Usikubali shemeji asaini peke yake jambo litakaloifunga ardhi yenu wote, wala asikatae peke yake. Andikeni kwanza makubaliano yenu ninyi wawili, yanayotaja fedha ulizotoa na nani atabeba gharama ya uzio na vipimo.

Mwana Wisconsin:
Naongezea hapo kwenye ardhi. Huku kwetu kuna shamba la Almond, katika Portage County, ambalo mfugaji wake alipinga kwa miaka kundi lake kuuawa baada ya ugonjwa kugunduliwa mwaka 2002. Lilipoangamizwa mwaka 2006, kati ya kulungu 76 waliopimwa, 60 walikuwa na CWD. Baadaye jimbo lenyewe lilinunua ardhi ile ili uzio usibomolewe na kulungu wa porini wasiingie. Mwambie shemeji kwamba kila mwezi wa mabishano, kama ugonjwa umo, unaongeza wagonjwa ndani ya uzio wenu.

Mleta mada:
Nimemsomea shemeji uzi huu jioni hii. Kuhusu mpango hajakubali bado, ila amekubali majike waliotoka kule wapimwe kwanza na kwamba wakili atafutwe kwa ajili ya mazungumzo, si kesi. Kama kuna mdau aliyewahi kujadili idadi ya duru za vipimo na akapunguziwa, naomba aandike hapa alitumia hoja gani.