Salva Kiir alipigana kweli au alirithi tu kiti cha Garang?

Kipanga_Mbeya: Wakuu habari za leo. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, jamaa kashikilia kwamba Kiir, rais wa kwanza wa Sudan Kusini, hajawahi kupigana popote, eti helikopta ya Garang, bosi wake wa msituni, ingefika salama 2005 tusingemjua wala lile likofia lake. Mi nabisha ila sina data, na jioni tunaendelea. Nisaidieni.

mzee_wa_nyaraka: Kijana mwambie huyo jamaa Kiir kaingia msituni miaka ya 60 na Anyanya, waasi wa kusini mwa Sudan, vita ile ya kwanza. Mkataba wa Addis Ababa 1972 ukawaingiza jeshi la serikali ya Khartoum, yeye akaangukia upelelezi. 1983 SPLA, jeshi jipya la waasi wa kusini, inaanza, wakubwa wanaotajwa ni watano, Garang, Kerubino Kuanyin, William Nyuon, Arok Thon na yeye. Sasa hesabu mwenyewe: Nyuon kauawa 1996, Arok ajali ya ndege 1998, Kerubino kauawa 1999, Garang 2005. Kabaki yule mkimya. Kurithi karithi sawa, ila foleni yenyewe haikuwa ya kitoto.

Mutua254: Na hapa kwetu Machakos, ile protokoli ya Julai 2002 iliyowapa watu wa kusini haki ya kupiga kura kujitenga, sahihi ya SPLM, chama cha hao SPLA, ni ya Kiir sio ya Garang!! Garang alikuwa anahubiri Sudan mpya moja, mwenzake roho yote ilikuwa kwenye kujitenga.

dereva_nimule: Mi nilikuwa Juba 9/7/2011, siku ya uhuru, nimepeleka unga. Jua lile usiombe, watu wamejaa pale kaburini kwa Garang, Bashir, rais wa Sudan wakati ule, naye kaja kushuhudia kipande cha nchi kikiondoka. Bendera mpya inapanda, mzee mmoja pembeni yangu kavaa kombati imepauka mpaka imekuwa nyeupe analia tu hata machozi hafuti. Nani alipigana nani hakupigana siku ile hakuna aliyeuliza.

Bi_Tatu: Vita alipigana, tatizo ni baada ya vita. 2006 kamchukua Paulino Matip na wanamgambo wake, watu waliokuwa wanapigana na SPLA, kawaingiza jeshini bila risasi, hapo nampa maua yake maana bila ile hata kura ya 2011 ya karibu asilimia 99 sijui ingepigwaje. Halafu Desemba 2013 yeye na makamu wake aliyemfukuza, Riek Machar, wakaichoma nchi ikiwa na miaka miwili na nusu. Makadirio ya 2018 yalisema vifo karibu laki 4. Mtu kajua kupatana na maadui kashindwa kuishi na wa nyumbani, hapo ndo mkabishanie.

Kipanga_Mbeya: Asanteni sana, ile ya watano leo namalizia nayo. Ila kofia je, ni mila ya Wadinka?

mzee_wa_nyaraka: Mila gani, kapewa na Bush alipoenda Ikulu ya Marekani 2006.

Kipanga_Mbeya: 😂😂 hiyo siwaambii